Uzi wa Jibini na Nasaba ya Mzee Simba

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo punda milia alikuwa bado anabishana na fundi wake kanzu iwe nyeupe au nyeusi, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao, na wakwe wa kuwanyima usingizi kama sisi tu. Anayesema sivyo aje hapa mbele. Hadithi hii naijua mpaka kokwa.

Basi palikuwa na Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua? Mwembamba, mfupi, akisimama kwa miguu miwili hafiki kwenye goti la ng'ombe, lakini macho yake hayatulii hata akilala. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Mashavu, na siku hiyo Mashavu alikuwa anaposwa. Waposaji walikuwa ukoo wa Kanu, wale wenye madoadoa na mkia mrefu, watu wa kujisikia, wanaotembea kana kwamba ardhi itawachafua.

Sasa kanuni ya posa huko mwituni ilikuwa moja: wakwe washibe nyumbani kwa binti. Mkwe akiondoka na njaa, posa imekufa, na haifufuki. Kwa Bi Kindi ilitokea hivyo hivyo. Chakula kimepakuliwa, wakwe wamekaa, mara Mzee Simba na Fisi hao! Hawakualikwa. Wakaketi, wakala, wakalamba mpaka jamvi. Wakwe wakarudi kwao wakipiga miayo, na binti wa Bi Kindi yuko kwa mama yake mpaka leo, anabangua karanga.

Bi Nguchiro hakutaka binti yake abangue karanga. Akaanza kupika asubuhi na mapema, kimya kimya.

"Mama, unapika nini?"

"Mchovyo."

"Mchovyo ndio nini?"

"Ndio utakaokuoza. Twanga nyama, acha maswali!"

Mashavu akatwanga nyama kinuni, twi! twi! twi! mpaka ikalainika. Bi Nguchiro akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya manyoya yake mwenyewe, akatia tangawizi, akatia bizari, akaimimina ile nyama. Kwaaa! chungu kikalia. Maziwa alikuwa amepewa na jirani yake, Bi Mbuzi. Akayagandisha, akayakamua maji, akayakanda ndani ya maji ya moto mpaka yakawa jibini laini, inang'aa kama uso wa mtoto aliyepakwa mafuta. Akaitandaza juu ya nyama, akafunika chungu kwa kigae, akapalia makaa chini, akapalia na juu. Moto chini, moto juu. Ndani kukaanza: pwata, pwata, pwata.

"Nichungulie kidogo, mama?"

"Mwari hachungulii chungu. Nenda kavae!"

Nguo ya dirisha aliishusha, mlango akaurudishia. Lakini harufu, wanangu, nani aliyewahi kuifungia? Ikatoka chini ya mlango, ikapita uani, ikashika njia kama mtu anayejua anakokwenda.

Wakwe wakafika. Mbele yao Bi Kanu, mama wa kijana, kanga mbili kajifunga, shingo juu. Nyuma kijana mwenyewe, kichwa chini kwa haya, na mashangazi wawili.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni, wakwe zangu! Piteni!"

"Panavyonukia!" akasema Bi Kanu, akikaa. "Tumetoka mbali, mkwe wangu. Asubuhi hatukuonja kitu, kwa heshima yako."

"Mtashiba, inshallah."

Chungu kikawekwa katikati ya jamvi. Kigae kikafunuliwa. Lo! Jibini imepanda rangi ya dhahabu, inapumua, puf, puf, na pembeni mafuta ya nyama yanachungulia. Mikate ya mofa ikapangwa kando. Bi Nguchiro akawaeleza: "Unamega mkate, unachovya mpaka chini, unapeleka kinywani. Bismi—"

Ndi! Ndi! Ndi!

Mlango ukafunguka wenyewe. Kichwa cha Mzee Simba kikaingia kwanza, manyoya ya shingoni yakafuata, na nyuma yake Fisi, ute unamdondoka, to, to, to.

"Shi-shikamoo, Mzee Simba," akasema Bi Nguchiro.

"Marahaba. Nimeitwa na harufu. Na mimi nikiitwa nisipoitika, huo si utovu wa adabu?"

"Utovu mkubwa, Mzee! He he heee!" akaitikia Fisi.

"Basi wakubwa kwanza." Simba akaketi, akachukua nusu ya jamvi. Nusu iliyobaki akaichukua Fisi. Wakwe wakabanana ukutani kama vitambaa vilivyoanikwa.

Bi Kanu akageuza shingo. Alimtazama Bi Nguchiro, kisha akaanza kukaza kanga yake kiunoni, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nyuma ya pazia, Mashavu akavuta kamasi. Bi Nguchiro akaona yale ya Bi Kindi yanamrudia. Afanye nini? Apigane na Simba? Yeye mwenyewe mzima mzima anaenea ndani ya kiganja cha Simba na nafasi ya jirani ikabaki.

Simba akachukua mkate, siyo kipande, mkate mzima! Akauzamisha chunguni, akauinua. Jibini nayo ikainuka. Akaufikisha kifuani, jibini inafuata. Akaunyoosha juu ya kichwa, jibini bado inavutika, uzi mmoja mrefu kutoka chunguni mpaka mkononi.

"Hii nini? Mbona haikatiki?" Akaukunjia uso, akatoa jino aukate.

"Keleleleleee!" Bi Nguchiro akapiga kigelegele. Alikuwa hajui atasema nini baada yake, lakini kigelegele kina faida hiyo, kinakupa muda wa kufikiri. "Mzee, usikate! Nakuomba, usikate nasaba yako!"

Jino likasimama hewani. "Nasaba gani?"

"Ah, Mzee, huu si mchovyo wa posa? Anayechovya, jibini humpimia ukoo. Uzi mfupi, ukoo mfupi. Wangu mimi ulikatikia hapa," akajigusa kidevu, "ndiyo maana unaniona nilivyo. Lakini wako umepita kichwani na haujatikisika! Mashavu, umeona?"

Mashavu hakuzaliwa na mama mjinga. "Nimeona, mama! Sijapata kuona uzi kama huo!" akapiga kelele nyuma ya pazia.

Simba akautazama uzi. Akajitazama. "Sasa unakatwa na nani?"

"Haukatwi, baba. Unakatika wenyewe. Mwenye uzi anarudi kinyumenyume, taratibu, mpaka mababu zake waishe. Ukiukata kwa jino, umewakata wao."

Simba akasimama. "Ukoo wangu," akasema, "hauishii jamvini."

Akapiga hatua nyuma. Lakini Fisi naye alikuwa ameshachovya, na kinywa kiko wazi. "Mimi sina nasaba, Mzee. Mimi nina njaa."

Bi Nguchiro akatoka jasho mpaka masikioni. Fisi akikata, na Simba atakata, na mambo yamekwisha.

"Fisi! Koma!" Simba akanguruma. "Unataka waseme ninaongozana na mtu asiye na babu?"

"Babu ninaye, Mzee. Ila na yeye alikufa na njaa."

"Rudi nyuma!"

Wakatoka, mmoja nyuma ya mwingine, matako mbele, nyu, nyu, nyu, mikate juu kama taa. Bi Nguchiro akasimama mlangoni kuwasifia.

"Umevuka kizingiti! Hiyo nasaba ya jumbe!"

"Jumbe tu?" Simba akakasirika, akaongeza mwendo.

"Umevuka ua! Hiyo ya sultani!"

"Na wa Fisi umefika wapi?"

"Unakukaribia, Mzee!"

"Asinipite huyo!"

Wakatoweka nyuma ya vichaka. Na jibini ya moto namna ile, wanangu, haina mwisho. Inazidi kuwa nyembamba tu, kama ahadi ya mtu mzima kwa mtoto.

Bi Nguchiro akarudi mbio. "Wakwe zangu, kuleni! Upesi!"

Mashangazi wakamega, kijana akamega. Bi Kanu akamega kipande chake, akachovya, akakiinua. Uzi ukavutika. Basi, badala ya kula, Bi Kanu akasimama, akapandisha shingo, akaanza kurudi nyuma!

"Mkwe wangu, unakwenda wapi?"

"Na sisi Wakanu tunao mababu," akasema Bi Kanu. "Tena wa Simba watatusikia."

Mashangazi nao, walipoona hivyo, wakainuka. Kijana naye akainuka nusu. Bi Nguchiro akaona posa ya mwanawe inatoka nje kinyumenyume na mikate yake. Sasa aseme nini? Akisema ukweli, mkwe atamwita mwongo mbele ya watu, na nani anaoa kwa mwongo? Akinyamaza, wataondoka na njaa. Huku maji, kule moto.

Akamshika Bi Kanu upindo wa kanga.

"Mkwe wangu, nimesema uongo."

"Uongo gani?"

"Wote. Hakuna nasaba humo. Ni maziwa ya mbuzi yaliyokandwa. Niliona unakaza kanga, nikamfikiria mwanangu, mdomo ukakimbia mbele yangu. Nitukane ukipenda, lakini kaa ule kwanza. Usimwache mtoto kwa ajili ya ulimi wa mama yake."

Nje kwa mbali ilisikika sauti ya Simba: "Fisi! Usipiteee!"

Bi Kanu akautazama uzi. Akalitazama pazia, likatikisika. Akamtazama mwanawe aliyeganda katikati, si kakaa si kasimama. Kisha akausogeza mkate kinywani, akakata kwa jino.

Kap!

Akatafuna. Akameza. Mabega yakaanza kumtikisika, watu wakadhani amepaliwa, kumbe kicheko. "Kwa kwa kwa! Ati nasaba! Mwanangu, huyu binti muoe leo leo! Nyumba yenye mama kama huyu, hata njaa ikipiga hodi itadanganywa irudi kinyumenyume!"

Mashavu akatoka nyuma ya pazia, na hapo ndipo vigelegele vya kweli vilipopigwa. Wakala, kap! kap! kap! Wakachovya mpaka mikate ikabaki michache, na matumbo ya mashangazi yakawa yanakaa peke yake.

Mara mlangoni kikasimama kivuli. Fisi! Ana matope mpaka shingoni, mkononi hana kitu. Kila mtu akaacha kutafuna.

"Msinikimbie," akasema Fisi kwa sauti ndogo. "Wangu umekatikia kwenye kichuguu, nikaanguka, na mkate ukanyakuliwa na siafu. Bi Nguchiro, nakuuliza kitu kimoja tu. Ukoko umebaki?"

Bi Nguchiro angeweza kumfungia mlango. Nani angemlaumu? Lakini akaziona mbavu za Fisi, zinahesabika moja moja, akakumbuka yule babu aliyekufa na njaa.

"Kaa pale mwisho wa jamvi," akamwambia. "Mega kidogo kidogo, na ukate kwa jino."

Fisi akakaa pale pale mwisho. Akala ukoko wa nyama na jibini iliyogandamana chini ya chungu, taratibu, macho yamefumba. Wale waliokuwepo wanasema hakucheka hata mara moja.

"Na Mzee Simba?" akauliza Bi Kanu.

"Nimemwacha anashuka bondeni, bado anarudi nyuma. Kila hatua anamtaja babu mmoja. Waliokuwepo walikwisha zamani. Sasa anatunga."

Uzi wake ulikatikia wapi? Simba hasemi, na wewe ungesema? Aje alalamike kwamba ametapeliwa, kwanza awatajie mashahidi mahali mababu zake walipoishia. Ndiyo maana Bi Nguchiro aliishi salama, akacheza na wajukuu.

Na nyinyi, wanangu, shikeni hili: mla sifa hashibi.