Mama na Binti wa Kwenye Tamthilia

Wapendwa, walikuwapo wanawake wawili waigizaji katika mji mmoja uliokuwa na kituo kimoja tu cha televisheni. Mkubwa aliitwa Namsifu, mdogo aliitwa Atupele. Kila jioni, kwa miaka saba, waliingia majumbani mwa watu kama mama na binti yake. Hawakuwa ndugu. Lakini Namsifu ndiye aliyemtoa Atupele saluni, alikokuwa akisuka nywele, akamfundisha kuigiza, mpaka hata kamera zikizimwa yule binti aliendelea kumwita mama. Namsifu akienda sokoni watu walimuuliza, "Mwanao hajambo?" Naye alijibu, "Hajambo."

Ikaja televisheni ya pili. Hii ilikuwa na mitambo mipya, na vipindi vyake watu walivitazama hata kwenye simu. Wenye matangazo wakahamia huko mmoja mmoja. Kule kwenye ile ya zamani wakaanza kupunguza watu, leo fundi wa taa, kesho mshona nguo. Kisha meneja wa televisheni mpya akawaita wale wanawake wawili. Akawaambia anaanzisha tamthilia yake, itakayoonyeshwa saa ile ile ya tamthilia yao, na angependa kuwa nao. Akawapa wiki moja wafikiri.

Waliporudi kazini walijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo.

"Wewe unaonaje, mwanangu?" Namsifu akauliza.

"Mimi siendi popote bila wewe, mama. Na tukiondoka, hawa wenzetu watakula wapi?"

"Basi tumeelewana. Tunabaki. Na ikitokea tumeondoka, tumeondoka wote."

Wakashikana mikono, wakaomba. Ndiyo, waliomba.

Jumatano Namsifu alikwenda kwa meneja peke yake. "Yule binti nampenda kama niliyemzaa," akasema, "ndiyo maana nakwambia ukweli. Hajaiva bado. Nisipomshika mkono hawezi kitu. Utahangaika naye bure."

Alhamisi akaja Atupele, akaketi kiti kile kile. "Yule ni mama yangu, Mungu anajua. Lakini amechoka. Anasahau maneno, mimi ndiye ninayemnong'oneza. Na presha inamsumbua. Mngemwacha tu apumzike."

Mnaona walivyopendana? Nani kati yetu hajawahi kuyasikia maneno hayo? Nani hajawahi kuyasema?

Ijumaa asubuhi meneja alimpigia simu kila mmoja wao, akawaambia maneno yale yale. "Nafasi zilikuwa mbili. Mikataba yenu ilikuwa tayari tangu Jumatatu, na ilikuwa hapa mezani wakati unazungumza. Lakini wewe umenieleza habari za mwenzako, naye amenieleza zako. Nimewaamini wote wawili." Akakata simu.

Mchana wa siku hiyo walikuwa na kazi ya kurekodi. Katika hadithi, binti alikuwa anarudi nyumbani baada ya kupotea miezi mingi, na mama anampokea mlangoni. Namsifu akafungua mlango. Wakatazamana. Kila mmoja alijua alichofanya mwenzake, na alijua kwamba mwenzake anajua.

"Hakuna kitakachotutenganisha tena, mwanangu," akasema Namsifu, kama ilivyoandikwa.

"Hakuna, mama."

Wakakumbatiana, na machozi yakawatoka ambayo hayakuandikwa. Mwongozaji, ambaye hakujua lolote, akasema hakuna haja ya kurudia, kwamba miaka yote hiyo hawajawahi kuigiza vizuri namna ile. Wakavua nguo za kazi, kila mmoja akashika njia yake. Wiki iliyofuata mji mzima ulilia mbele ya televisheni kwa upendo wa mama na binti. Kabla mwaka haujaisha, tamthilia ilifungwa. Wale wawili hawajazungumza mpaka leo.

Sasa, ndugu zangu, ningependa kuwacheka waigizaji. Ni rahisi, wao wako mbali na sisi. Lakini tangu tutangaze uchaguzi wa wazee wa kanisa, watu wanne wamekuja ofisini kwangu, kila mtu kwa siku yake. Kila mmoja alianza kwa kuniambia jinsi anavyompenda mwenzake. Kisha akaendelea. Sitawataja. Wote wanne wako hapa, na wawili wamekaa benchi moja.

Na mimi niliwasikiliza. Sikumwambia hata mmoja anyamaze. Hilo nitalijibu mimi mwenyewe kwa Mungu.

Utaratibu wetu unasema hapa tusimame, tupeane mkono wa amani. Leo hatutapeana. Kaeni hivyo hivyo mlivyokaa. Anayeutaka mkono wa mwenzake akamtafute pale nje, amweleze kwanza yale aliyokuja kunieleza mimi.