Zimwi Aliyedai Kumeza Mwezi

Twa! Twa! Twa! Ndivyo nilivyosikia, wenzangu, usiku mwezi ulipopatwa. Kuna anayetwanga kinuni mwangu uani! Nikatoka mbio, nikamkuta Zimwi amemning'iniza mwanangu Mwanakheri juu ya kinu.

"Wee msomi wa kidato cha nne! Jibu maswali matatu, la sivyo namtwanga. Mbona mwezi hukufuata utembeapo?"

"Uko mbali mno, hatua zangu si kitu kwake."

"Mbona nyota hupepesa?"

"Hazipepesi. Hewa ndiyo inayotikisa mwanga wake."

Akasaga meno. "Na leo nani ameumeza mwezi?"

Huko nje kijiji kizima kilikuwa kikipiga masufuria na kumfungia Zimwi mbuzi njiani, ili autapike mwezi. Nikasema, "Hakuna aliyeumeza. Ni kivuli cha dunia yetu tu. Wewe hujawahi hata kuugusa!"

Mwezi ukachomoza kivulini. Zimwi akasinyaa, akawa kama kuku, akanitupia mwanangu.

"Wakijua, mbuzi nitapata wapi? Ukisema, nitarudi kumchukua!"

Nikaapa. Lakini siri imenishinda, nimewaambia ninyi. Basi mshikeni mtoto huyu mkono, mmoja mmoja, mniapie: hamtamwambia mwingine.