Jiwe la Mheshimiwa Ngowa

Mheshimiwa Ngowa, waziri wa huduma za jamii wa kaunti, aliingia makao ya watoto ya Bi Kadzo, akachungulia chumba cha kulala, akatikisa kichwa.

“Watoto thelathini wanalala kwenye mikeka! Sheria hairuhusu. Ijumaa nafunga.”

“Na yale magodoro yetu yaliyokaa stoo kwako tangu mwaka jana?” aliuliza Kadzo.

“Yanangoja hafla.”

“Sawa, Mheshimiwa,” alisema Kadzo, mpole kama kondoo. “Ila kuna jiwe pale uani. Fundi ameshachonga jina lako. Si vibaya tukifunga kabla hujalifunua?”

Ngowa, aliyekuwa ameshageuka kuondoka, alisimama. “Jina langu? Kwa herufi kubwa?”

“Zinasomeka toka barabarani.”

“Na waandishi wa habari?”

“Redio, televisheni, na kwaya ya akina mama.”

Ijumaa Ngowa alifika na suti mpya na wapiga tarumbeta. Alivuta pazia, vigelegele vikapaa, naye akasoma kwa sauti nzito, kama ilivyo desturi: “Jiwe hili limefunuliwa na Mheshimiwa Ngowa, siku aliyowaletea watoto magodoro thelathini.”

Akina mama wakambeba juujuu. Kutoka huko juu alimwinamia Kadzo. “Futa mstari wa mwisho!”

“Ni jiwe, Mheshimiwa. Litavunjwa lote, na jina lako humo humo. Nimwite fundi aje na nyundo?”

Ngowa alitazama kamera, akatabasamu meno yote, akatoa simu. “Leteni lori la magodoro,” alinong’ona. “Mbio!”

“Na mablanketi,” alisema Kadzo. “Upande wa nyuma bado hujausoma.”