Kadi ya Mchumaji wa Kwanza

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu unaoulalia kila siku. Msala ni ule mpya wa kupendeza, ambao mpita njia ameubeba na anakwenda zake. Anayetupa wake kwa kutamani wa mwenziwe hulala chini. Osoro aliyajua hayo tangu shule ya msingi, na hata aliyaandikia insha iliyosifiwa. Kujua maana ya methali ni rahisi mno.

Mwaka wa 1997 alikuwa chuo kikuu, akiandika tasnifu kuhusu maradhi ya wachumaji katika shamba moja kubwa la chai karibu na Kericho, alikofanya kazi mamake, Esnah. Meneja alimruhusu kufanya utafiti kwa sharti kwamba apewe nakala.

Shahidi wake mkuu alikuwa Cherotich, jirani ya mamake, mjane aliyekohoa hadi akashika ukuta. Alimsimulia jinsi walivyoingizwa kuchuma kabla dawa ya magugu haijakauka.

"Nakuambia juu wewe ni kijana ya Esnah," alisema. "Lakini jina yangu isitoke. Hii nyumba ni ya kampuni. Hata hospitali ni ya kampuni."

"Halitatoka, mama. Naapa."

Osoro alikuwa na desturi njema. Kwa kila kitabu na kila shahidi aliandika kadi kwa mkono, kisha mwishoni akazinakili moja moja. Kadi ya Cherotich ilisema "Mchumaji wa kwanza", basi. Jina alilihifadhi kichwani. Vidole vilimuuma, lakini hakuna kadi iliyopita bila kusomwa.

Siku zilipombana, Momanyi, rafiki yake mwenye duka la kuchapa mjini, alimcheka. "Bado unaandika na mkono kama karani wa mkoloni? Hii programu inapanga marejeleo yenyewe. Wewe jaza visanduku, ukunywe chai."

Osoro akajaza. Kisanduku cha jina kilikataa kuachwa kitupu, akaandika la Cherotich na namba ya nyumba yake, akijiambia angelifuta baadaye. Kompyuta ikatoa orodha iliyonyooka kama mistari ya chai iliyopogolewa. Alifurahi hata hakuisoma. Nakala ya meneja aliipeleka mwenyewe, kwa mikono miwili.

Wiki haikuisha. Osoro alikuta sufuria, godoro na Biblia ya Cherotich vikinyeshewa nje ya nyumba. Akamkimbilia meneja kumwombea. Meneja hakubishana, alifungua ukurasa wa mwisho, akamwekea kidole kwenye jina.

Aliporudi, Esnah alikuwa akifunga mizigo ya rafiki yake, wala hakumtazama mwanawe.

"Nilikuomba kitu moja tu," Cherotich alimwambia.

Alihamia kwa kaka yake, kule Kapsoit, mbali na hospitali ya kampuni, na huko kikohozi kikammaliza kabla ya Krismasi. Osoro alipata shahada. Siku ya mazishi alisimama nyuma kabisa, akiona haya hata kulia.

Usiache mbachao kwa msala upitao: aliyeuacha ni Osoro, aliyelala chini ni Cherotich.