Ngazi Nyembamba za Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakipanga vyumba na kulipa kodi kama tunavyolipa sisi, palikuwa na mtaa mmoja mjini ulioitwa Mbavu za Mbwa. Mbwa mwenyewe hakuwapo hata mmoja. Nyumba za mtaa huo zilikuwa za fito na udongo, na kila masika udongo ulibanduka, fito zikajitokeza nje kama mbavu za mbwa mwenye njaa.

Hapo ndipo alipokaa Siwema, pimbi mjane mwenye watoto pacha. Kila asubuhi alikaanga vitumbua barazani, chwaaa! chwaaa! Mtaa ukaamshwa na harufu kabla jogoo hajawika. Upande wa kulia alipakana na Kindi, fundi cherehani mwenye maneno mengi. Upande wa kushoto alikaa Bi Nungunungu, ajuza wa miiba mirefu na miguu mibovu. Vyumba vyao vilivuja, hilo halikufichika. Lakini kodi yake ililipika, na mtoto wa mmoja alikuwa mtoto wa wote.

Siku moja akaja Bwana Kiboko. Alikuwa amekwisha kununua kiwanja chote, nyumba na vichochoro vyake. Akawakusanya wapangaji uwanjani, na Bi Twiga, mwenyekiti wa mtaa, akasimama nao.

"Ndugu zangu," akasema Kiboko kwa sauti nzito kama pipa linaloviringishwa, "nawajengea ghorofa! La matofali, na vyoo humo humo ndani. Hameni kwa muda tu. Likiisha mtarudi, na kodi itakuwa ileile."

"Ileile?" akauliza Siwema.

"Ileile, dada yangu! Mimi nikisema nimesema. Nani hajasikia?"

Wote walikuwa wamesikia. Wakashangilia, wakafungasha vyombo, wakahama.

Siwema alipata kibanda ng'ambo ya bonde, mahali ambapo hakuna mpita njia wa kununua kitumbua. Ikabidi kila siku ajitwike beseni, avuke bonde na kupanda kilima mpaka kwenye ujenzi, awauzie mafundi. Pacha wake walimfuata nyuma wakisinzia huku wanatembea.

Na ghorofa likapanda. Gruu, gruu, gruu! Mashine ya zege haikunyamaza. Ikaja ghorofa ya kwanza, ikaja ya pili, ya tatu, ya nne. Mtaa nao ukageuka. Palipokuwa na genge la mkaa pakafunguliwa duka la mapazia. Wakaanza kupita wageni wanene, wanatazama juu na kuulizana kodi.

Nyumba ilipokaribia kwisha kupakwa rangi, Siwema akaenda na beseni lake kichwani. Akamkuta Bwana Kiboko amekaa mlangoni, anajipepea.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Leo sinunui vitumbua."

"Sikuja kukuuzia, bwana. Nimekuja kuulizia chumba changu."

"Chumba chako?" Kiboko akafumbua jicho moja. "Hapa ni kodi ya mwaka mzima, mkononi, kabla hujaingiza hata kijiko. Na wala si ileile."

"Lakini ulisema mbele ya mtaa..."

"Nilisema saruji ilipokuwa rahisi! Sasa nimepata wapangaji wa maana. Tembo anahamia hapa. Nyati anahamia hapa. Wewe utajaza nini, Siwema? Kona ya jikoni?" Akacheka, hwa! hwa! hwa! hata kiti kikalia.

Siwema akawakumbuka pacha wake. Alikuwa amewaahidi wanawe kwamba mvua za mwaka huu hazitawakuta bondeni. Lakini hakulia. Mafundi walikuwa juu wanamsubiri, na vitumbua vikipoa havina mnunuzi. Akaingia ndani, akaanza kupanda.

Kwaruu! Beseni likakwaruza ukuta wa kulia. Akasogea. Kwaruu! Likakwaruza wa kushoto.

"Enyi mafundi!" akaita. "Mbona ngazi hizi nyembamba hivi?"

Ngedere, aliyekuwa anapaka rangi, akacheka. "Bosi alitaka vyumba vingi, mama. Kila ghorofa akaongeza kimoja. Nafasi itoke wapi? Tukazibana ngazi, na yeye mwenyewe hajazipanda hata siku moja."

Siwema akasimama kwenye kona ya ngazi. Akatazama ukuta huu, akatazama ule. Akamkumbuka Tembo na tumbo lake, akamkumbuka Nyati na mabega yake.

"Ala! Kumbe!" akasema, akashuka mbio.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Twiga, na Bi Twiga akauita mtaa. Wakaja wapangaji wa zamani na magodoro yao, maana Siwema aliwaambia wayabebe. Tembo na Nyati walikuwa wamekwisha kufika na mizigo. Bwana Kiboko akatoka, anaona haya kidogo kwa wingi wa macho.

"Mwenyekiti," akasema Siwema, "hatutaki ugomvi. Wakubwa wanavitaka vyumba, na sisi tunavitaka. Basi vishindaniwe. Kila mmoja abebe godoro lake, apite mlangoni, apande ngazi. Atakayelitandika kwanza, chumba ni chake, kwa kodi aliyoitaja Bwana Kiboko siku ile. Atakayeshindwa aende zake, asiseme neno tena."

Kindi akamvuta pembeni. "Siwema! Umerukwa na akili? Huyo Tembo anang'oa miti!"

"Tulia, jirani."

Kiboko akawaza. Vidudu hivi vikishindwa, vitanyamaza milele. Na kodi ya Tembo tutaizungumza baadaye, pembeni. "Nakubali!" akasema.

"Ahsante, bwana," akasema Siwema, akapiga magoti. "Ila nakuomba neno moja. Sisi ni wadogo. Turuhusu tutangulie. Wakubwa wakitangulia, sisi tumekwisha."

Macho ya Kiboko yakang'aa. "Hilo halipo! Wakubwa kwanza! Tembo mbele, Nyati nyuma yake, ninyi dagaa mfuate."

"Jamani, bwana, tuonee huruma..."

"Wakubwa kwanza! Nikisema nimesema. Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia," akajibu Bi Twiga. "Na mtaa umesikia."

Siwema akainamisha kichwa, wasione anavyojizuia kucheka. Kisha akawanong'oneza wenzake, "Kunjeni magodoro yawe membamba kama mkeka. Mkiona tumbo, piteni chini yake."

Bi Twiga akagonga debe. Paaa!

Tembo akaingia na godoro lake la sufi mgongoni. Ti! Ti! Ti! Nyumba ikatikisika. Nyati akamfuata anapuliza pua. Tembo akapanda hatua za mwanzo, akafika kwenye kona, akapinda, na... kwap!

Akasukuma mbele. Wapi! Akarudi nyuma. Wapi!

"Nyati, simama!" akapiga kelele. "Nimekwama!"

Nyati hakuwahi kusimama. Gubu! Akamgonga kwa nyuma, naye akanasa hapo hapo, mabega yamebanwa ukutani.

"Sasa!" akasema Siwema.

Wadogo wakamiminika kama siafu. Siwema akapita kati ya miguu ya Nyati, akapenya chini ya tumbo la Tembo, godoro kifuani, pacha wameshika upindo wa kanga yake. Kindi akapita kwa juu, akakimbia mgongoni mwa Tembo kutoka mkia hadi kichwa.

"Acha! Unanitekenya!" Tembo akalia.

Bi Nungunungu akaja taratibu na fimbo yake, miiba imesimama. "Samahani, mwanangu, napita," akamwambia Nyati.

"Uuuwi! Pita, mama! Pita upesi!" Nyati akajikunyata mpaka ajuza akapata njia pana kama ya bibi harusi.

Pu! Pu! Pu! Magodoro yakatua sakafuni, ghorofa ya kwanza mpaka ya nne. Bi Twiga hakuwa na haja ya kupanda. Alinyoosha shingo, akachungulia dirisha moja baada ya jingine.

"Humu kuna godoro," akatangaza. "Na humu. Na humu. Siwema, hicho ni chako?"

"Ni changu, mwenyekiti!"

"Huu ni ujanja!" akanguruma Kiboko. "Siutambui!"

Kabla hajamaliza, sauti ya Tembo ikatoka ndani kama tarumbeta. "Kiboko! Nyumba gani hii? Nitoe humu!"

Ikabidi wamwage mafuta ya kupikia ukutani na kuvuta wote kwa pamoja, wadogo nao wakisukuma kutoka juu. Haya! Haya! Chomoko! Nyati akatoka, na Tembo akamfuata kinyumenyume.

Tembo akajifuta vumbi la chokaa. "Hata ukinipa bure, sikai," akasema, akaondoka. Nyati akamfuata bila kuaga.

Kiboko akatazama jengo lake. Vyumba vingi kweli, lakini ni nani mwingine angeweza kuvifikia?

"Bwana Kiboko," akasema Bi Twiga kwa upole, "siku ile ulisema mbele yetu. Leo umesema tena. Nyumba bila wapangaji ni matofali tu."

Mwishowe Kiboko akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaanza kuwagawia, mmoja mmoja, na alipofika kwa Siwema hakuweza kumtazama usoni.

"Kodi ileile," akanung'unika.

"Ahsante, bwana. Mungu akuzidishie," akajibu Siwema. Akapanda ngazi polepole. Alipofika juu aliwakuta pacha wake wamekwisha kulala kwenye godoro, mchana kweupe, mvua ikianza kupiga dirishani. Akakaa sakafuni kando yao, akaisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakutafuta sufuria la kukingia matone.

Basi, wanangu, nimewafikisha, na neno lenyewe la kushika ni hili: anayewabania wenzake njia hujibana mwenyewe.