Sauti Iliyokatwa Mwanzo

Ndugu zangu, nipeni masikio yenu, na simu ziwekeni chini. Kulikuwa na kisiwa kimoja kilichokuwa kikijadili kura ya kujitenga na bara, na mjadala wenyewe ulikuwa wa kwenye simu. Bwana mmoja alikuwa hodari wa kampeni ya uhuru. Akituma neno asubuhi, adhuhuri kisiwa kizima kinalo.

Bwana huyu alikuwa na mama mzee. Jirani yao, mjane aliyekuwa akiosha maiti za wanawake, alizoea kuja kumjulia hali mzee yule na kunywa naye kahawa. Siku moja akamwambia, "Bibi, mimi nautaka uhuru kama wao. Ila binti yangu anatibiwa bara. Njia zikifungwa, nitahamia bara."

Bwana alikuwa chumba cha pili, anarekodi mazungumzo yao kwa simu. Akakata maneno yote ya mwanzo, akabakisha "nitahamia bara", akaandika, "Msikieni kibaraka," akatuma.

Mnadhani watu waliuliza mwanzo uko wapi? Walisambaza. Maandazi aliyokuwa akiuza mjane yakakosa mnunuzi. Salamu zikakatika, na mlango wake ukapakwa kinyesi.

Haukupita muda, mama wa yule bwana akafa. Naye alikuwa ameusia aoshwe na jirani yake, si mwingine. Basi bwana akaenda kubisha ule mlango, macho chini.

"Jirani, mama yangu ametutoka. Ameusia umwoshe wewe. Najua sina uso wa kukuomba."

"Maji mmeshabandika?" akauliza mjane, akachukua kanga yake.

Akamwosha bibi, akamkafini. Alipotoka, bwana akamfuata uani. "Nisamehe, mama. Ile sauti nitaifuta."

"Utaifuta kwenye simu za nani, mwanangu?"

Bwana akauliza, "Na mama yangu, alikuwaje?"

"Bibi nimemsitiri. Niliyoyaona hutayasikia wewe wala mtu mwingine."

Bwana akajifunika uso kwa mkono wa kanzu, akalia kwa aibu.

Sisemi mpige kura ipi, hilo mnalijua wenyewe. Nasema huyu mama aliona mwili usioweza kujifunika, akafunga mdomo. Sisi tunasikia neno moja la mtu aliye hai, anakunywa kahawa na jirani yake, tunamvua nguo mbele ya kisiwa kizima. Na tusijifiche nyuma ya yule bwana. Yeye alituma mara moja tu, ndugu zangu. Zilizobaki zote tulituma sisi.