Sultani Aliyetaka Kuingizwa Somoni

Paukwa!
— Pakawa.
Pakawa gani hiyo ya wenye homa? Paukwa!
— Pakawa!

Haya. Hapo kale palikuwa na Bi Mwanasiti, akisomesha watoto Kurani uani kwake. Na palikuwa na Sultani Madi, mtu wa kusifiwa tangu akiamka mpaka akilala. Sifa zikamlevya.

Asubuhi moja Sultani akaja chuoni hapo uani na askari mwenye upanga.

"Mwalimu, unawafundisha nini hawa?"

"Mungu ni mmoja, Bwana. Hana wa pili."

"Leo ongeza. Sema wa pili ni mimi. Watoto waitikie."

Bi Mwanasiti akautazama upanga. Akisema, amekufuru, na watoto nyuma yake. Asiposema, shingo hana. Ninyi mngefanyaje? Nyamazeni, nawajua. Mngesema kabla upanga haujatoka.

"Bwana," akasema, "kwangu neno jipya haliingii mpaka lisomwe la zamani. Watoto watasoma sifa za Mungu. Zikikuenea zote, ndipo uniamrishe tena."

Sifa? Sultani akatabasamu. Akataka mkeka utandikwe katikati ya ua, akaukalia juani, kila mtu amwone. Watoto wakakaa kivulini, wakaanza:

"Hali! Hanywi! Halali! Hamhitaji mtu!"

"Rudieni," akasema Bi Mwanasiti. Chuoni ndivyo, hurudiwa mpaka liingie.

Jua likapanda. Mtumishi akaleta mkate wa mofa. "Rudisha! Hali huyu, husikii?" akamkemea Bi Mwanasiti.

Jua likawaka. Mtumishi akaleta mwavuli. "Rudisha! Hamhitaji mtu."

Jua likasimama utosini. Mtumishi akaleta mto. "Rudisha! Halali."

Na Sultani mwenyewe angesema nini? Mji mzima umekuja, umejaa kwenye ukuta wa ua unamtazama. Akajikaza, kiburi hicho! Mara kichwa kikamwangukia kifuani.

"Kasinzia!" kikapiga kelele kitoto kimoja kibogoyo.

Watu wakacheka. Sultani akashtuka, macho mekundu. "Askari!"

Upanga ukatoka. Askari akamsogelea Bi Mwanasiti mpaka mwalimu akausikia ubaridi wa chuma shingoni. Imebaki amri tu.

Sultani akafungua kinywa. Koo kavu, neno halitoki. Akajaribu tena, akakohoa. Akajaribu tena.

"Maji," akasema. "Nipeni maji kwanza."

Bi Mwanasiti akausukuma upanga kando kwa kidole, akaenda mtungini, akachota kwa kata.

"Kunywa, mja wa Mungu."

Sultani akaitazama kata. Akautazama ukuta, macho ya watu yanamngoja. Akanywa. Akamaliza, akaomba nyingine.

Askari, bila kuambiwa, akaurudisha upanga alani.

"Watoto," akauliza Bi Mwanasiti, "Mungu ni wangapi?"

"Mmoja!"

"Sikusikia wote."

"Mmoja," akasema Sultani, maji yanamtiririka kidevuni. Sauti ilikuwa imemrudia, na hakuamrisha kitu.

Hadithi imekatikia hapo. Ikikukaa, nenda nayo. Ikikuchoma, niachie mlangoni. Haya, inukeni mkekani mwangu.